Chumba Kimoja Kisichoondoka na Upepo

Wateja wengi wakiingia dukani kwangu huuliza swali lilelile kabla salamu haijaisha: "Mama, bati la bei ya chini ni lipi?" Nami kwa miaka 11 nimekuwa nikinyoosha kidole kwenye rundo la geji 32. Asiyejua lugha ya mabati ajue hivi: namba ya geji ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 28 ni la aliyejipanga. Geji 30 ndilo la wengi. Geji 32 ni la mjane, la mwalimu mwenye mkopo, la kijana anayetaka kuhamia kwake kabla mvua za Machi hazijaanza. Ukiliinua kwa mikono miwili linatikisika na kulia.

Duka liko Tororo, mashariki mwa Uganda, upande wa barabara ya kwenda Malaba, mpakani na Kenya. Lugha yake ni Kiswahili, maana ndicho kinachotukutanisha hapa: Wajapadhola, Waiteso, Wasamia, Wagisu, na madereva wa malori yanayotoka Mombasa. Nimeuza mabati mengi kiasi kwamba nikipanda bodaboda jioni naweza kutaja paa baada ya paa: lile langu, na lile pale, na lile lenye kutu pembeni.

Usiku mmoja wa Aprili, mwaka juzi, paa lililoruka lilikuwa la nyumba yetu wenyewe.

Ilikuwa saa moja na nusu. Upepo ulitangulia mvua, kama kawaida ya huku. Watoto walikuwa sebuleni na madaftari. Mama yangu, ambaye ana miaka 74, alikuwa amejilaza chumbani kwake. Radi ya kwanza ilipopiga aliinuka akafunike kioo cha kabati kwa leso, kama alivyofundishwa na mama yake. Kioo hakivuti radi, na nimeshamweleza mara nyingi. Lakini desturi ile ndiyo iliyomwinua kitandani. Alikuwa hajafika katikati ya chumba paa lilipoondoka, na ile pembetatu ya ukuta inayobeba kofia ya paa, matofali ya kuchoma yasiyoshikwa na kitu, ikaangukia mto wake. Matofali mawili yalimfikia mguuni. Kifundo kilivunjika. Kwa muda ambao siwezi kuupima nilimsikia akiita majina ya wajukuu wake mmoja mmoja, na mvua ilikuwa inatunyeshea ndani ya nyumba yetu.

Asubuhi nilikwenda kulitazama paa lilipoangukia, kwenye shamba la mihogo la jirani. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba misumari ilikuwa duni, au bati. Nilikosea. Mabati yalikuwa bado yamepigiliwa kwenye mbao, mbao kwenye kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, na kenchi kwenye ile mbao ndefu inayolala juu ya ukuta. Paa zima lilikuwa limeruka likiwa kitu kimoja. Mahali lilipotakiwa kushikana na ukuta nilikuta vipande vya waya wa kufungia, ule mwembamba tunaouza kwa kilo, umezungushwa mara mbili na kukatika. Paa lilikuwa limefungwa vizuri kwa kila kitu isipokuwa nyumba.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilitaka kujua upepo unafanya nini hasa, kwa sababu nilikuwa nimeuza vifaa miaka yote bila kuujua.

Upepo ukipita juu ya paa huvuta paa juu. Ukivunja dirisha au ukisukuma mlango, unaingia na kujaa ndani, kisha unalisukuma paa lilelile kutoka chini. Na nguvu yake haipandi sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 108 kwa saa unabonyeza kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 56. Mita ya mraba ya bati la geji 30 haifiki kilo tatu. Ongeza mbao zote unazotaka, hesabu bado haikubali. Kwa hiyo paa la bati halikai mahali pake kwa uzito. Linakaa kwa sababu limeshikwa, na lisiposhikwa hadi kwenye msingi, linasubiri siku yake tu.

Huku kwetu dhoruba hazina jina wala onyo la siku mbili. Wingu linapanda mchana kutokana na joto na unyevu, hewa iliyopozwa na mvua inaporomoka kutoka juu, ikigonga ardhi inasambaa pande zote kwa nguvu. Dakika 20, basi. Na Tororo ina historia yake: kati ya 1967 na 1976 mji huu ulirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Tumekulia chini ya sauti hiyo kiasi kwamba mgeni akishtuka ndipo sisi tunapoisikia.

Kusoma huko ndiko kulikonifikisha kwenye chumba: chumba kimoja ndani ya nyumba, kilichojengwa ili kisiondoke na upepo. Wazo lake limetoka mbali na hapa. Tarehe 11 Mei 1970 kimbunga cha tonado kilipiga mji wa Lubbock, jimbo la Texas, Marekani, kikaua watu 26. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, kilicho mji huohuo, wakaanza kutembea kwenye vifusi kwa miaka mingi, mji baada ya mji. Walichokiona mara kwa mara ni nyumba iliyofutika huku chumba kidogo cha katikati, stoo au bafu, kikiwa kimesimama. Wakajiuliza: je, kama chumba hicho kingejengwa kwa makusudi? Mwaka 1998 FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia majanga, lilitoa mwongozo wa bure wenye michoro ya vyumba vya namna hiyo, na kimojawapo ni cha bloki za saruji. Wamevisanifu vihimili upepo wa kilomita 400 kwa saa, na huvipima kwa kurusha ubao wa kilo karibu saba dhidi ya ukuta kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ubao usipite.

Upepo wetu haufiki huko, na chumba changu hakina cheti cha kuhimili tonado. Lakini niliposoma michoro ile kwenye simu, usiku, mama akiwa na plasta mguuni, niliona kwamba kila kitu kilichotajwa kilikuwa kwenye rafu za duka langu. Saruji. Nondo. Kokoto. Waya. Kilichokosekana kilikuwa mpango wa kuviunganisha.

Wazo lenyewe ni hili: huna fedha za kuimarisha nyumba nzima, basi imarisha chumba kimoja, na kiwe na paa lake, kuta zake na msingi wake, bila kuegemea kitu chochote cha nyumba. Nyumba ikiondoka isikivute. Sisi tulichagua kona ya korido iliyokuwa stoo, mahali ambapo kila mtu anafika kwa hatua chache bila kutoka nje. Kwa nje chumba kina mita 2.4 kwa 2. Ndani zinabaki mita 2 kwa 1.6. Watu sita tunakaa, na nafasi inabaki.

Fundi niliyempata ni mzee wa Busia aliyejenga Nairobi miaka mingi. Siku ya kwanza tulibishana juu ya sakafu. Yeye alitaka kupanga bloki juu ya sakafu iliyokuwepo, ambayo ni safu nyembamba ya saruji iliyopasuka. Nikasema tuivunje. Tulichimba mtaro kwenda chini hadi udongo mgumu, tukamwaga zege, na humo tukasimamisha nondo za milimita 12, moja kila sentimita 40, zikitazama juu kama mabua. Jirani aliyepita akidhani tunachimba choo ndani ya nyumba alisimama akatuombea.

Siku ya pili tulibishana juu ya matundu.

"Mama, bloki ni bloki," aliniambia. "Haya matundu yamewekwa ili iwe nyepesi. Ukiyajaza umetupa fedha."

"Mzee wangu," nikamjibu, "mimi uzito ndio ninaoutafuta."

Hakuridhika, nami sikutaka afanye kazi asiyoiamini, maana fundi asiyeamini hujaza tundu la juu na kuacha la chini tupu, na hakuna jicho linaloweza kuona. Tukafanya hivi: tukajengea bloki mbili uani, moja tupu, moja imejazwa zege na kipande cha nondo katikati. Tukazimwagilia maji kwa wiki moja. Kisha akachukua nyundo kubwa mwenyewe. Ile tupu ilitoboka kwa pigo la pili. Ile iliyojazwa ilitoa vumbi na alama nyeupe. Akaweka nyundo chini, akaniambia, "Leta kokoto ndogo, hii kubwa haitapita." Tangu saa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi.

Niseme neno juu ya bloki zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanaibiwa. Bloki ya inchi 8 inaweza kufanana na nyingine kwa macho na zisiwe ndugu. Mfyatuaji akinyoosha mfuko mmoja wa saruji atoe bloki nyingi mno, au akizianika juani bila kuzimwagilia, unapata mchanga uliosimama kwa heshima tu. Kwaruza kona kwa msumari: ikimong'onyoka kama biskuti, iache. Iachie ianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye udongo mgumu: ikivunjika vipande vitatu, iache na mwenye nayo. Uliza zimemwagiliwa siku ngapi. Saruji haikauki tu, inakomaa kwa maji, na hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28. Mimi nilikataa shehena ya kwanza yote, kutoka kwa mtu ninayefanya naye biashara, na hakuzungumza nami mwezi mzima. Naelewa. Lakini mama yangu angelala chini ya bloki zile.

Kuta zilikula bloki 200, kwenda juu mistari 11. Kila baada ya mistari michache tulisimama, tukamwaga zege jepesi kwenye matundu na kulichokoachokoa kwa kipande cha nondo hadi hewa itoke, maana likiachwa na mapovu ni kama halikumwagwa. Nondo ya chini ilipokwisha, ya juu yake ilipandana nayo sentimita 60 na kufungwa. Tulilaza nondo nyingine mlalo kuzunguka chumba chote. Zege lililomezwa na matundu ya kuta lilikuwa karibu mara mbili ya lile la paa, jambo ambalo sikulitegemea na ndilo lililovuruga bajeti yangu. Kwa jumla saruji ilifika mifuko 26.

Kisha paa. Hapa ningeomba kila anayesoma apunguze mwendo. Kuta nzuri zenye bati juu ni kisanduku kisicho na kifuniko. Nondo zilizotoka msingini tulizipitisha hadi juu, tukazikunja zilale ndani ya wavu wa nondo wa paa, ndipo tukamwaga zege la unene wa sentimita 15. Zege hilo lina uzito wa kama kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Kumbuka zile kilo 56 za upepo. Kwa dhoruba zetu, paa hili lingeweza kukaa kwa uzito wake peke yake, lakini limefungwa vilevile, kwa sababu uzito huo ukikosa kushikwa na kuta utamwangukia mtu. Mbao za kushikilia zege tuliziacha wiki tatu. Watoto walikuwa wakipita chini yake na kuniuliza kila siku kama limeiva.

Mlango ndio uliosumbua kuliko vyote, kwa sababu mlango ni tundu kwenye ukuta uliotumia fedha nyingi kuuziba. Wamarekani wana milango iliyopimwa maabara. Mimi nina mchomeleaji wa nyuma ya soko. Alinitengenezea mlango wa bamba zito lenye mbavu za chuma nyuma, bawaba tatu, komeo tatu: juu, katikati, chini. Fremu yake ilisimamishwa kabla ya kumwaga zege, na miguu yake imezama ndani ya ukuta. Unafunguka kwenda ndani. Nilifikiria sana hilo nikikumbuka rundo la matofali lililokuwa kitandani kwa mama: mlango wa kufunguka nje ungezibwa na kifusi, tukabaki ndani tukisubiri kusikiwa. Na tumeacha matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu, yenye kona ndani ya ukuta ili kitu kirushwacho kisipite moja kwa moja.

Humo ndani haliingii jiko la makaa. Hata kama ni baridi, hata kama mtoto anataka uji. Sigiri ndani ya chumba kidogo hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Tuna taa ya sola, dumu la maji, filimbi, na blanketi mbili.

Radi nayo ilinikosesha usingizi zaidi ya upepo. Sisi watu wa Uganda tumezika watoto wengi kwa radi. Mwezi Juni 2011 ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, wanafunzi 18 wakafa darasani. Agosti 2020, Arua, iliua watoto 10 waliokuwa wamejikinga kwenye kibanda baada ya kucheza mpira. Tarehe 2 Novemba 2024 iliwapiga wakimbizi waliokuwa kwenye ibada katika kambi ya Palabek, Lamwo, wakafa watu 14. Ukisoma habari hizo kwa utulivu unaona jambo moja linarudi: hawakuwa wanarandaranda mvuani. Walikuwa ndani ya mahali, chini ya paa. Mahali penyewe hapakuwa na njia yoyote ya kuupeleka umeme ule ardhini isipokuwa miili yao.

Kwa hiyo nilitaka chumba kisiwe mtego mwingine wa namna hiyo. Nondo zote zimefungamana kwa waya, kutoka msingi hadi paa, zikafanya kama tenga la chuma. Kwenye pembe nne tulitoa chuma nje na kukiunganisha na vyuma vilivyozamishwa ardhini, kazi aliyoifanya fundi umeme mwenye leseni, si mimi wala mzee wa Busia. Umeme ukija, upite kwenye tenga uende chini. Lakini ni chuma kilekile kilichomo ukutani kinachobeba umeme huo, hivyo hatuegemei ukuta, hatulali sakafuni, hatushiki mlango wakati wa radi. Katikati kuna mabenchi mawili ya mbao. Na hatutoki hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mama ndiye anayehesabu. Leso ya kufunika kioo ameihamishia humo, anajifunika nayo magoti.

Tumekitumia mara nne. Mara tatu ilikuwa mvua tu. Ya nne ilikuja na mawe makubwa kama mbegu za parachichi, na paa jipya la nyumba, geji 28 sasa, lililofungwa kwa ukanda wa chuma hadi kwenye mkanda wa zege wa ukuta, lilipiga kelele ambayo ilitufanya tusisikiane. Ndani ya chumba sauti ilikuwa ya mbali. Binti yangu mdogo, ambaye tangu ule usiku alikuwa akilala na viatu, alisinzia kwenye benchi kichwa kikiwa mapajani mwa bibi yake. Nilimtazama muda mrefu. Kesho yake usiku alivua viatu.

Rafiki yangu wa Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, aliniuliza kama chumba hiki kingemsaidia. Nilimwambia hapana. Mlima ukiporomoka, kama ulivyoporomoka kijijini Nametsi, hukohuko Bududa, mwezi Machi 2010, hauangalii nondo. Wala sikishauri kwa nyumba ya bondeni ambako maji hujaa, kwa sababu chumba kisicho na dirisha ni kisima. Huko jibu ni kuhama, na najua kuhama ni neno rahisi kwa asiyeacha makaburi ya wazee wake nyuma.

Dukani mambo yamebadilika kidogo. Bado nauza geji 32, kwa sababu nikikataa mtu atainunua kwa jirani na bado atalala chini yake. Lakini haitoki dukani kabla sijamwuliza mnunuzi paa litashikwa na nini, na ukanda wa chuma nauza kwa bei niliyoununulia. Wengine hunisikiliza. Wengine wanaona nataka kuwaongezea gharama, na siwalaumu, mfuko wa saruji si mchezo kwa mtu anayelipa karo.

Ng'ambo ya barabara kuna mama mmoja mwenye wajukuu watano na paa ambalo mimi mwenyewe nilimwuzia. Tumechanga, yeye, mimi na kanisa lake, na tumefikisha bloki 140. Mzee wa Busia amekubali kulipwa kwa awamu. Mbao tulizotumia kushikilia zege la paa letu bado ni nzima, nimezisafisha na kuzing'oa misumari. Jumamosi asubuhi, kama mvua haitanyesha, tunazivusha.